Madaftari manne ya kuchora kila siku, na kalamu ya kwenda nayo

Daftari la kuchora hununuliwa kwa hamu, likachorwa kurasa tano za mwanzo, kisha likalala kabatini hadi mwaka ujao. Wengi hujilaumu kwa uvivu. Mara nyingi kosa limo kwenye daftari lenyewe: ni kubwa mno kubebwa, ni zuri mno kuchafuliwa, au karatasi yake haielewani na kalamu iliyopo mkononi. Hapa tunapima madaftari manne kwa kazi moja tu, kuchora ukurasa mmoja kila siku, kwa dakika kumi hivi, kutokana na yanayoonekana jikoni, kituoni, kijiweni na sokoni. Hatuyapimi kwa picha za kuuza wala za kutundika ukutani.

Madaftari yenyewe ni kaunta buku ya kawaida ya steshenari, Moleskine ya kuchorea (si ile ya kuandikia), Stillman & Birn ya mfululizo wa Alpha, na kijitabu cha karatasi za fotokopi kinachoshonwa nyumbani. Tuseme mapema: kwa anayeanza, kijitabu cha kushona kinayapita yote, na kaunta buku inakifuata kwa karibu. Yale mawili ya bei kubwa si mabaya hata kidogo. Yana wakati wake, na wakati huo si mwezi wa kwanza.

Kaunta buku

Ya kwaya moja ina kurasa 96, ya kwaya mbili 192, ya kwaya tatu 288. Chukua ya kwaya moja au mbili, na kama duka lina zile ndogo za A5, chukua hizo. Ya kwaya tatu ni nzito, na unene wake unainua kiganja juu ya meza kiasi kwamba mkono unaning'inia ukichora upande wa chini wa ukurasa.

Uzuri wake mkubwa ni jalada gumu. Unachora umesimama kwenye foleni au umekaa ndani ya daladala bila kutafuta ubao wa kuegemea. La pili ni kwamba nyingi zimeshonwa kwa uzi kabla ya kugundishwa, kwa hiyo zikilegezwa vizuri hulala bapa. Kulegeza kwenyewe kunafanywa siku ya kwanza: simamisha mgongo wa daftari mezani, laza jalada moja kila upande, halafu laza kurasa chache za mwanzo ukizipitisha kidole karibu na mgongo, kisha chache za mwisho, hivyo hivyo hadi ukutane katikati. Anayelikunja ghafla katikati huvunja gundi, na miezi michache baadaye lundo zima la kurasa hutoka mkononi. Likishaanza kuachia pale jalada linapokutana na ukurasa wa kwanza, gundi nyeupe ya mbao iliyopakwa nyembamba kwa kijiti na kubanwa chini ya vitabu vizito usiku kucha inalirudisha.

Udhaifu ni karatasi na mistari. Karatasi ni nyepesi kuliko ile ya fotokopi ya gramu 80 kwa kila mita ya mraba, hivyo kalamu ya wino mwingi huonekana upande wa pili, na maka peni hupenya kabisa. Chora upande wa kulia peke yake na utumie wa kushoto kwa maneno: tarehe, mahali, saa, rangi ulizoona. Mistari ya bluu nayo inakera kwenye picha ukiipiga kwa simu, lakini kwa mkono usiozoea ni msaada. Ipime mara moja kwa rula. Ikiwa nafasi ni milimita 8, mistari mitano ni sentimita 4, na mtu uliyempa mistari saba toka kichwani hadi kisiginoni ana mstari mmoja kwa kila urefu wa kichwa. Mtu mzima aliyesimama hufika vichwa saba hadi saba na nusu, kwa hiyo hesabu hiyo iko tayari ukurasani kabla hujaanza.

Bei yake haiachani sana na sahani ya wali maharage. Hilo ni la maana kuliko linavyoonekana: hakuna anayeogopa kuharibu ukurasa wa kaunta buku.

Moleskine na Stillman & Birn

Moleskine ya kuchorea ina karatasi ya gramu 165 kwa kila mita ya mraba, laini, yenye rangi ya maziwa yaliyochujuka kidogo. Penseli inateleza vizuri, kalamu ya wino wa pigmenti (wino wa chembe za rangi zisizoyeyuka) inatoa mstari safi, na hakuna kitu kinachoonekana nyuma ya ukurasa. Mpira wa kufungia na mfuko mdogo wa nyuma ni vitu vya kutumika kweli, hasa mfuko, maana ndimo kinamokaa kipande cha karatasi ya kujaribia kalamu.

Kasoro yake ni maji. Uso wa karatasi hiyo unayakataa, rangi ya maji inajikusanya vidonge vidonge badala ya kutandaa, na hata ikikauka inaacha madoa yasiyo na mpango. Anayefikiria kutia rangi asiinunue. Pia ile ya mfukoni, ya sentimita 9 kwa 14, ni ndogo mno kwa anayeanza. Mkono usiozoea huchora mistari mirefu kwa bega na kiwiko, na ukurasa mdogo humlazimisha kuchora kwa vidole, ndipo vinapotoka vile vichoro vilivyokakamaa.

Stillman & Birn Alpha ni jingine kabisa. Karatasi ni nyeupe, gramu 150, yenye chembe kidogo (uso wake si laini kabisa), na imetengenezwa ivumilie maji mepesi. Penseli, peni, wino na rangi ya maji vyote vinakaa. Ukimwaga maji mengi inajikunja, na kwa hilo mfululizo wao wa Beta wenye gramu 270 ndio unaofaa, ingawa daftari linakuwa na karatasi chache. Toleo la jalada laini linalala bapa tangu siku ya kwanza, ila halina ugumu wa kuegemea, kwa hiyo beba kipande cha ubao mwembamba au kadibodi ngumu na vibanio viwili vya nguo.

Tatizo ni bei na upatikanaji. Hata huko Marekani Alpha ya jalada laini si ya bei rahisi, na Moleskine hupanda zaidi. Ukiongeza usafirishaji na ushuru, daftari moja linafika bei ya lundo la kaunta buku. Hapo ndipo mchezo unapoharibika. Mtu anaanza kungoja kitu kinachostahili kuchorwa, na sufuria ya uji haistahili, ndala mlangoni hazistahili, mpaka wiki inapita.

Drawing-book za waya zinazouzwa kwa wanafunzi hatukuzipa nafasi yao. Matundu ya waya yanachanika begini, na kwa sababu kurasa zinacheza, penseli husuguana na kuacha ukungu wa kijivu kila mahali.

Kijitabu cha karatasi nane

Karatasi nane za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 32 za A5. Ukurasa mmoja kwa siku, mwezi umekwisha na kijitabu kimekwisha. Hakuna daftari la dukani linalotoa kitu hicho, na ndiyo sababu tunakipa nafasi ya kwanza. Kumaliza ndiko kunakomrudisha mtu kuanza kingine. Rimu moja ya karatasi 500 inatosha vijitabu 62, yaani zaidi ya miaka mitano.

Unahitaji karatasi nane za gramu 80, manila moja ya A4 ya jalada, sindano nene, na uzi wa kama sentimita 50. Uzi wa cherehani ni mwembamba na hukata karatasi kama msumeno, kwa hiyo kata mara mbili ya urefu huo, ukunje katikati uwe wa nyuzi mbili, na uupitishe kwenye mshumaa mara tatu nne.

Kunja karatasi mbilimbili au nnenne, si zote nane kwa pamoja, na bonyeza mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa karatasi, na mkunjo wa A5 unazikata nyuzi hizo kwa upana, ndiyo maana kijitabu kipya hutaka kufunguka chenyewe kama kimekasirika. Dawa yake ni kukiweka chini ya kitu kizito usiku mmoja. Baada ya hapo chomeka zote ndani ya manila, zipange sawa, na toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, yaani sentimita 10.5 kutoka juu, na mengine sentimita 3 kutoka kila mwisho.

Anza kushona kwa ndani. Toa sindano kwenye tundu la katikati, iingize kwenye tundu la juu, ndani ishuke moja kwa moja hadi tundu la chini bila kugusa la katikati, itoke, kisha irudi ndani kupitia katikati. Sasa ncha mbili za uzi ziko ndani, moja kila upande wa mshono mrefu. Zifunge juu ya mshono huo. Unapokaza, vuta uzi kuelekea juu au chini kwa urefu wa mgongo. Ukivuta kukuelekea wewe, tundu linachanika na karatasi ya ndani kabisa inaanza kucheza wiki hiyo hiyo.

Karatasi za katikati zitajitokeza kidogo ukingoni. Kwa nane ni jambo dogo, unaweza kuliacha. Kwa kumi na sita linaonekana sana na itabidi ukate kwa wembe na rula ya chuma, na hiyo ni sababu nyingine ya kuishia nane.

Hakina jalada gumu, ni kweli. Kipande cha kadibodi ya A5 na kibanio kimoja kinamaliza neno. Kadibodi hiyo hiyo, ikiwekwa chini ya ukurasa unaochorwa, inazuia kalamu isichimbe ukurasa wa chini.

Kalamu

Kwa madaftari haya mawili ya bei nafuu, peni ya kawaida ya Bic ndiyo kifaa sahihi, na hatusemi hivyo kwa kukosa kingine. Gololi yake ni milimita 1.0 na mstari wake ni chini ya nusu ya hapo. Ile ya mwili wa rangi ya chungwa ina gololi ya 0.8 na mstari mwembamba zaidi, nzuri kwa vitu vidogo, lakini inachimba karatasi kuliko ile ya kawaida. Sifa ambayo wengi hawaijui ni kwamba peni ya gololi inasikia mgandamizo kama penseli. Ishike mbali na ncha, sentimita nne au tano, iache iguse tu karatasi, na mstari unatoka wa kijivu hafifu. Kwa hiyo unaweza kutafuta umbo kwa mistari hafifu kisha ukakaza ile iliyo sahihi, bila kufuta kitu.

Kivuli kinajengwa kwa matabaka. Piga mistari sambamba, hafifu, ya upande mmoja, halafu tabaka la pili lenye mshazari tofauti kidogo, halafu la tatu. Anayetaka kivuli cheusi kwa mpigo mmoja anabonyeza, karatasi inang'aa, inajikunja, na ukurasa wa chini unapata makovu.

Kinachosumbua ni madonge ya wino. Gololi inapozunguka, wino wa ziada hujikusanya kwenye ukingo wa ncha, na kila baada ya mistari kadhaa ya kivuli unadondoka kama tone. Zungusha ncha kwenye kipande cha karatasi kila baada ya mistari kumi na tano hivi, na weka karatasi nyingine chini ya kiganja, kwani donge likiguswa kabla halijakauka hutambaa ukurasa mzima. Usichore ukiwa umelala chali wala kwenye daftari lililoinuliwa juu ya uso, maana wino huu hushuka kwa uzito wake, hewa ikiingia peni inagoma. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari juani.

Maji hayauondoi wino huu kirahisi, lakini jua linaufifisha. Kurasa zikifungwa ndani ya daftari zitakaa. Zikitundikwa ukutani karibu na dirisha zitapauka. Hapo ndipo kalamu ya Sakura Pigma Micron inapostahili bei yake: wino wa pigmenti, haupauki upesi, na ukikauka hauchuruziki ukipakwa rangi ya maji. Namba 05 inatoa mstari wa milimita 0.45, namba 01 ni 0.25, na 005 ni 0.20. Anza na 05. Ile 005 ina ncha dhaifu, mkono mzito unaizamisha ndani siku ya kwanza, na juu ya karatasi yenye chembe inalika upesi. Uni Pin inafanya kazi ile ile, na anayeiona dukani asijisumbue kuagiza Micron. Zote mbili hazina hafifu na nzito kama Bic: mstari ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa anayeanza huo ni ukali usio wa lazima.

Penseli ya HB inafaa, 2B inafaa zaidi kwa kivuli na inachafua zaidi. Tunaiweka nyuma ya peni kwa sababu ya raba. Mwenye raba mkononi hutumia dakika zake kumi kurekebisha pua.

Dakika kumi zinakwenda wapi

Daftari lolote kati ya haya litakufa lisipofungwa kwenye jambo ambalo tayari linafanyika kila siku: chai inapochemka, gari linapongoja kujaa, foleni ya benki. Anza na umbo kubwa la nje, ukurasa mzima, kabla ya kitu chochote cha ndani.

Sufuria ni mwalimu mzuri kwa siku za mwanzo, na kosa lake ni lile lile kwa kila mtu. Mdomo wa sufuria huchorwa duaradufu nzuri, halafu kitako kinachorwa mstari ulionyooka kwa sababu tunajua kimekaa sakafuni. Ukweli ni kinyume. Kadiri duara lilivyo chini zaidi ya usawa wa jicho, ndivyo linavyoonekana limefunguka zaidi, kwa hiyo ukingo wa kitako unapinda kuliko wa mdomo. Chora duara lote la kitako kwa mstari hafifu, hata sehemu usiyoiona, kisha kaza ile ya mbele tu. Pembe mbili za kushoto na kulia nazo hazina ncha kali kama jicho la samaki. Zinazunguka.

Bodaboda inaharibika mapema, kwenye matairi. Watu huanza na tenki kwa sababu linapendeza, wakifika nyuma hakuna nafasi ya tairi. Weka matairi mawili kwanza. Pikipiki kama Boxer, ikitazamwa ubavuni, ina pengo kati ya matairi linaloweza kumeza tairi la tatu na kidogo ya ziada. Ukiwa na miduara hiyo, mstari wa kiti na tenki unajiweka wenyewe.

Watu wanaosogea huchorwa watatu au wanne kwa pamoja kwenye ukurasa mmoja. Kila mmoja mpe mstari wa mabega, mstari wa nyonga na mahali uzito ulipo, yaani mguu upi umebeba. Akigeuka, mwache, anza mwingine. Anayekatakata vitunguu au kukanda chapati atarudi kwenye mkao ule ule ndani ya dakika, nawe utarudi kwake. Mama lishe, fundi viatu na muuza magazeti ni rahisi kuliko abiria kwa sababu kazi zao zina mizunguko.

Adabu nayo ni sehemu ya vifaa. Anayechorwa karibu asalimiwe kwanza na aonyeshwe akiuliza. Mzee apewe shikamoo yake kabla ya peni kutoka. Mtu anayesimama na kuandika akitazama nyumba ya watu hudhaniwa mpima ardhi au mtu wa kodi, na ukurasa ukiwa wazi kuonekana shaka inaisha. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari na viwanja vya ndege viacheni kabisa.

Rangi ikiingia

Wakati wa kununua Alpha ni siku ile unapoona kwenye pembe za vijitabu vyako umeandika majina ya rangi mara nyingi kuliko saa na mahali. Karatasi ya fotokopi haiwezi kazi hiyo. Inajikunja mawimbi na nyuzi zinanyanyuka brashi ikipita mara ya pili. Nunua moja ya jalada laini, rangi za vidonge sita tu (njano, nyekundu mbili, bluu mbili, na kahawia iliyoungua), na brashi moja ya mviringo namba 8. Chora kwa Micron au Uni Pin, ngoja dakika mbili hadi wino ukauke kweli, kisha paka vivuli kabla ya rangi. Bic ya bluu chini ya rangi ya maji inaweza kuacha utusitusi kwenye njano, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye ukurasa wa mwisho. Kijitabu cha karatasi nane kiendelee kubaki mfukoni kwa foleni na daladala. Alpha ikae mahali penye meza na kikombe cha maji.